Sikio la Kushoto

Nyumbani, 9 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi na za heri, napenda kwanza kukuomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Habari yako njema ilinifikia Jumatatu, nami nilikusudia kuijibu siku ile ile, lakini kila nilipoketi mezani niliona maneno yangu hayafikii kimo cha jambo lenyewe. Nimekuwa mjomba katika umri ambao wenzangu ni mababu, na jambo la namna hiyo haliandikwi kwa pupa.

Hongera sana kwa kujifungua salama. Barua yako nimeisoma polepole kwenye dirisha la jikoni, pale ambapo wifi yako, marehemu, alipenda kuketi akichambua mchele. Nilipofika mahali ulipoandika kwamba ni mvulana na analia kama mtu anayedai haki yake, nilicheka peke yangu. Kinyozi, yule binti aliyepanga chumba cha mbele, akauliza kupitia ukutani nimepatwa na nini. Nikamjibu kwamba nimepata mpwa. Akasema, "Basi Mzee njoo nikunyoe. Mjomba hatembei na nywele za mgane."

Angekuwepo wifi yako, angekuwa kwako tangu siku ya kwanza na mfuko wa soksi alizozifuma mwenyewe. Unajua jinsi alivyokulea tangu Baba alipotuachia wewe ukiwa bado unang'oka meno ya utoto. Watu wengi walidhani wewe ni binti yetu, nasi hatukuwa na haraka ya kuwasahihisha. Hatukujaliwa mwingine. Kwa hiyo tafadhali uelewe kwamba mtoto huyu ameingia mahali palipokuwa wazi kwa muda mrefu.

Kuhusu kuja, nitakuja. Nakuomba tu unistahimilie kidogo. Kuna jambo dogo la hapa nyumbani ambalo sharti nilimalize kwanza, na nisingependa kukuchosha nalo. Likiisha nitapanda basi la asubuhi. Nataka nifike kama mjomba anavyopaswa kufika, nimevaa koti, nimtazame mtoto usoni na kumwambia mimi ni nani kwake.

Sijauliza mengine, wala sitauliza. Utakayopenda kuniambia nitayapokea kwa heshima, na usiyopenda yabaki yako.

Nikiwa kaka yako mwenye furaha, na mwenye kuomba radhi,

Kaka

*

Chumbani, 21 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua yako nimeisoma huku nimempakata Bwana Mkubwa. Ndivyo tunavyomwita kwa sasa, mimi na fundi baiskeli wa chini, mpaka atakapopata jina la kukaa nalo. Anapolia, fundi anagonga chuma kwa nyundo kuuliza kuna nini, na mimi nagonga sakafu kwa kisigino kumjibu kwamba ni njaa tu. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku nzima.

Chumba ni kile kile unachokijua. Nimesogeza meza ya pasi hadi ukutani ili kitanda chake kipate nafasi, na kitanda chenyewe ni kikapu cha nguo cha hotelini. Wenzangu wa chumba cha pasi walichanga mashuka ya zamani, yale laini kabisa yaliyofuliwa hadi yakawa kama maziwa. Likizo yangu inaisha mwezi wa tano. Baada ya hapo sijui, lakini leo sitaki kuwaza.

Mbona mistari yako inapanda kilima siku hizi? Na herufi kubwa hivyo, kama bango la mkutano wa hadhara. Wewe ndiye uliyekuwa ukinigonga vidole kwa rula nikitoka nje ya mstari. Umezeeka Kaka, au umelewa?

Nakutumia picha. Iangalie vizuri, maana kuna kitu chako mle ndani. Sikuambii ni nini. Nataka ukione mwenyewe kisha uniandikie. Mimi nilikiona pale pale kwenye chumba cha kujifungulia, na mkunga alishangaa mtu anachekaje na hali ile niliyokuwa nayo.

Njoo. Usingoje mambo ya nyumba yaishe. Mambo ya nyumba hayaishi.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 6 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Picha imenifikia bila hata mkunjo mmoja, na nakushukuru kwa jinsi ulivyoifunga. Nimeiweka juu ya kabati, imeegemea kikombe cha wifi yako, mahali pa heshima kuliko pote katika nyumba hii.

Ni mtoto mzuri kupita ninavyoweza kueleza. Macho yake ni makubwa na matulivu, macho ya Baba kabisa, kama mtu anayesikiliza kabla ya kujibu. Paji la uso ni pana, na hilo nalo ni dalili njema. Ama kile kitu changu ulichoniagiza nikitafute, nilikiona mara moja. Ni namna anavyokaza midomo, kama mpiga chapa anayesahihisha prufu, ile nakala ya majaribio, na kuona kosa ambalo wengine wamelipita. Nimecheka sana.

Kuhusu mistari yangu kupanda kilima, niwie radhi. Mguu mmoja wa meza umelegea, nami sijapata nafasi ya kuukaza.

Safari bado ninaipanga. Paa linavuja upande wa chumba cha Kinyozi, na si haki mpangaji anyeshewe huku mwenye nyumba akitalii. Wiki ijayo pia nitakuwa na shughuli mjini kwa siku chache. Baada ya shughuli hiyo naamini nitakuwa huru, na nitakuja nikiwa mtu kamili zaidi kuliko nilivyo leo. Tafadhali usichoke kunisubiri.

Mbusu mpwa wangu kwa niaba yangu, juu ya yale macho.

Kaka

*

Chumbani, 19 Aprili

Kaka, shikamoo.

Barua yako nimeirudia mara nyingi kuliko ilivyostahili. Mpiga picha alinipa nakala mbili, kwa hiyo nimeiweka yangu hapa mezani ninapoandika.

Kaka, katika picha ile mtoto hana macho. Hana midomo wala paji la uso. Amelala begani kwangu na uso ameuficha shingoni mwangu. Kinachoonekana ni kisogo chake na sikio la kushoto. Niliichagua hiyo makusudi na kuacha zile nzuri, kwa ajili ya sikio. Ncha yake ya juu imejikunja kwa mbele kama kona ya ukurasa. Ni sikio la Baba, na ni sikio lako. Mimi sikupewa. Baba alikuwa akisema kwamba Mungu alikunja pale ili akirudi ajue alipoishia kusoma, nami nikiwa mdogo nililia kwa sababu kwangu Mungu hakukunja popote. Nilidhani umekumbuka.

Hukuiangalia. Uliitoa kwenye bahasha, ukaiegemeza kikombe, kisha ukaketi ukatunga sifa za kunipendeza, kama watu wanavyosifu mahubiri waliyoyasinzia.

Sasa nimeelewa na ile barua ya kwanza. Uliposema hutauliza mengine, nilidhani ni upole. Kumbe ulikuwa unafunga mlango taratibu usipige kelele. Mtoto wangu hana baba wa kutajwa, wewe ni mtu uliyelelewa misheni, na paa linavuja. Ungesema tu. Ungeniandikia mstari mmoja wa hasira ningeubeba. Wifi angenigombeza mpaka sauti ikauke, halafu angechukua nepi akazifue. Wewe umenipa adabu. Kaka, adabu yako ni baridi, na huku mtoto anahitaji kufunikwa.

Hoteli imefungua tawi jingine, mbali sana na hapa. Wananitaka nikasimamie chumba cha pasi, na kule wana mahali pa kuacha watoto. Nilikuwa nimekataa kwa sababu sikutaka kuwa mbali nawe zaidi ya hivi. Jana nimekubali. Tunaondoka mwisho wa mwezi wa sita. Anwani nitakutumia ikihitajika.

Usihangaike tena na paa.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 14 Mei

(kwa mkono wa Kinyozi)

Mdogo wangu mpendwa,

Naomba radhi kwamba barua hii inakujia kwa mwandiko wa mwingine. Miwani yangu iliniponyoka ikavunjika, na fundi wa miwani ana shughuli nyingi. Mpangaji wangu amekubali kwa hisani yake kuandika ninayoyasema.

Barua yako nimeipata, na lawama yako ni ya haki. Picha niliitazama kwa haraka, jambo ambalo halisameheki kwa mtu aliyeishi kwa kutazama vitu vidogo. Nakuhakikishia kwamba haraka hiyo haikutokana na dharau. Mtoto wako ni mpwa wangu, na sihitaji kuelezwa zaidi ya hapo ili nimpende.

Kama umeamua kuondoka sitakuzuia, maana kazi ni kazi. Nakusihi tu usiondoke na chuki. Mambo yangu yakinyooka, nitakufuata huko uendako.

Nikiwa kaka yako asiye na la kujitetea,

Kaka

Dada, shikamoo. Hapo juu ni maneno yake kama alivyoyatamka, hata nukta alinitajia. Hapa chini ni yangu. Yeye amekaa kitini mlangoni anadhani naandika anwani kwenye bahasha. Ameshaniuliza, "Mbona anwani ni ndefu?" Nimemwambia mtaa wenu una jina refu.

Hakuna miwani iliyovunjika. Mzee haoni.

Ni presha ya macho. Ilimwanza kitambo akawa anaficha. Mimi nilishtuka siku moja aliponimiminia chai, akaimwaga pembeni ya kikombe huku akiniuliza habari za kazi kwa upole tu. Wakati huo mwanga alikuwa bado anauona, na maandishi meusi aliyaona kwa lenzi, herufi moja moja. Barua yako ya kwanza aliianza baada ya kunywa chai akaimaliza mchana. Picha ndiyo ilimshinda. Lenzi haikusaidia kitu, kwake ilikuwa karatasi ya kijivu. Sikujua kama hajaiona. Kama angeniuliza ningemweleza, lakini si unamjua, hawezi kumsumbua mtu hata akiwa anazama.

Ile shughuli ya mjini ilikuwa upasuaji. Walitaka kuokoa kile kilichobaki. Alikwenda na koti lake, akanyoa na ndevu, akaniambia akirudi atapitiliza kwako kumwona mtoto. Walipomfungua bendeji mimi nilikuwepo. Alimwomba nesi afungue mapazia. Dada, mapazia yalikuwa wazi.

Barua yako ya sikio ilimkuta hivyo. Aliiweka kwenye mfuko wa koti siku kadhaa, halafu akaja kwangu akasema, "Nisomee tafadhali, kama huna kazi." Nilikuwa na mteja kwenye kiti, nimemaliza upande mmoja wa kichwa. Nikamwacha. Nilipofika kwenye habari ya sikio nikaenda nikaishusha picha kabatini. Sikio lile nalijua. Nalizunguka na mashine kila ninapomnyoa Mzee, na lazima ulikunjue kwa kidole ndipo upite. Nikamwambia, "Mzee, hili ni lako." Aliinua mkono akalishika la kwake, akakaa nalo hivyo hivyo. Mteja akaita, "Sasa jamani, na mimi je?"

Nikamuuliza Mzee kwa nini hasemi ukweli. Akasema, "Ana mtoto mchanga wa kubeba. Nisimwongezee mzee."

Akijua nimekuandikia haya atanihamisha, tena atanipa notisi ya maandishi na kuniomba radhi. Ukiniita mbea ni sawa. Ukitaka kuondoka, ondoka, ila uwe unajua unachokiacha.

Mimi Kinyozi

*

Chumbani, 22 Mei

Kinyozi, mdogo wangu, msomee kaka yangu barua hii yote na usiruke neno. Hili la kwanza ni lako: asante.

Kaka, shikamoo. Usimpe notisi.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga juu ya meza ya pasi. Zile herufi kubwa. Ile mistari iliyopanda kilima, na mmoja umeandikwa juu ya mwenzake, nami nilidhani ni wino umevuja. Nilikuuliza kama umelewa. Halafu nikakuandikia ile barua nyingine, na wewe ukasomewa mbele ya mtu aliyenyolewa nusu kichwa.

Nimelia vya kutosha, hadi Bwana Mkubwa akanyamaza kunisikiliza.

Nilikuwa na hasira kwa sababu nilikungoja. Kila basi la jioni lilipopita nilikwenda dirishani. Ningeweza kukuandikia mstari mmoja kuuliza, Kaka, umepatwa na nini. Sikuuliza. Wewe hukusema na mimi sikuuliza, na wote wawili tulijiona watu wastaarabu.

Safari ya kuhama siwezi kuivunja. Nimeshatia sahihi, na chumba hiki kimepata mpangaji. Lakini kuna muda bado. Njoo wiki ya kwanza ya mwezi wa sita, Kinyozi akulete. Ngazi zangu hazina pa kushika, kwa hiyo nimemwambia fundi baiskeli, naye anafunga bomba la chuma toka chini hadi mlangoni. Hivi ninavyoandika anagonga, na Bwana Mkubwa anadhani anaitwa.

Huku kuna joto, usije na koti. Najua utakuja nalo.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 11 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Niwie radhi kwa mwandiko. Kinyozi amenikatia kadibodi yenye matundu marefu, kila tundu mstari mmoja, nami naandika ndani yake kama mtu anayepanda mbegu gizani. Sijui kama wino unatoka. Ameahidi kuniambia ukikauka, lakini naye ana wateja. Ukikuta mahali patupu, tafadhali ujue palikuwa na neno la heshima.

Tumerudi nyumbani salama. Ndani ya basi Kinyozi alinielezea kila kilichopita dirishani, ng'ombe, vibao na nguo zilizoanikwa, hadi abiria wa nyuma akamwomba apumzike. Akamjibu, "Ukiwa na macho mawili na huyatumii, usituonee wivu." Nilimwombea radhi kwa abiria yule, kisha nikamwomba Kinyozi aendelee, kwa sauti ya chini.

Yako mambo ambayo sikuweza kuyasema chumbani kwako, na nimeona niyaandike kabla hamjaondoka. Nilipanda ngazi zako nikiwa na hotuba. Nilikuwa nimeitunga tangu mwezi wa tatu, na ilikuwa na utangulizi. Bomba la fundi lilikuwa bado linanata rangi. Ulifungua mlango ukasema, "Karibu Kaka, angalia kizingiti," kisha ukanyamaza ghafla kwa sababu ya neno lililokutoka, nami nikasikia jinsi ulivyoumia, na hotuba yote ikanitoka. Nikasema tu kwamba nimefika.

Nikaomba maji ya kunawa. Ukasema, "Mikono yako ni safi, Kaka." Nilinawa hata hivyo. Kwenye kiwanda cha chapa tulipanga herufi za risasi, na risasi ni sumu. Hatukugusa chakula, wala mtoto wa mtu, kabla ya kunawa hadi viwiko. Vidole vyangu havijaambiwa kwamba nimestaafu.

Kisha ukamweka mikononi mwangu. Alikuwa mzito kuliko nilivyotazamia, tena wa moto. Nimekwisha kukudanganya vya kutosha, kwa hiyo nitakuambia kweli: kilichonijia kwanza hakikuwa furaha. Kilikuwa hasara. Mwezi wa tatu nilikuwa bado naliona dirisha, na kitu kikisimama mbele ya dirisha niliona kivuli chake. Ningekuja wakati ule, ungemwinua kwenye mwanga, na leo ningekuwa na kivuli cha mpwa wangu cha kukumbuka. Nilikiacha kivuli hicho kwa kuungoja uso mzima. Hakitarudi, na sikuombi uniambie kwamba si kitu.

Lakini liko lingine. Mpanga chapa haitazami herufi anayoiokota. Kila kipande cha risasi kina mfuo mdogo uliochimbwa ubavuni, na gumba likiupata mfuo ule unajua kwamba herufi imesimama inavyopasa. Unaipanga na kuendelea na nyingine. Nilifanya hivyo tangu nilipotoka shule hadi mitambo mipya ilipokuja kutufukuza. Basi nilianza kwenye paji la uso, ambalo kwa kweli ni dogo, si kama nilivyokuandikia. Nikapita juu ya macho, nayo yalikuwa yamefumba, na sijui yakoje. Akapiga chafya. Kinyozi akasema, "Anakukagua na yeye, Mzee." Nikashuka shavuni, nikarudi nyuma, na pale ncha ya sikio inapojikunja gumba langu likasimama. Sikulisimamisha mimi. Lilisimama lenyewe, kama lilivyozoea.

Ndipo nikakusikia ukilia karibu na meza ya pasi, nikajifanya sikusikia, kwa adabu. Njia nzima ya kurudi nimejilaumu kwa hilo. Nilikuwa nimempakata mtoto, na mkono mmoja ulikuwa huru.

Kuhusu baba yake, sikuuliza kwa kuwa walimu wetu walitufundisha kwamba swali ni mkono unaoingia kwenye mfuko wa mtu. Hawakutuambia kwamba kutouliza kunaweza kumwacha mtu nje kwenye baridi. Siku utakayotaka kunieleza, nitasikiliza. Usipotaka, mimi ni mjomba, na kazi hiyo inanitosha.

Sikumwambia mimi ni nani kwake, kama nilivyokuwa nimekusudia. Alikuwa amelala, nami nikaona si vizuri kumwamsha.

Mtakapokuwa huko mbali atakua, na nitakapomshika tena, Mungu akijalia, vidole vyangu vitakuwa vinamkumbuka mtu mwingine mdogo zaidi. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri. Tafadhali usinitumie picha. Picha humlazimu Kinyozi kunielezea, naye hutia chumvi.

Safari njema, wewe na Bwana Mkubwa.

Kaka

*

Huku tulikohamia, 3 Agosti

Kinyozi, mdogo wangu, natumai bahasha imekufikia bila kukunjwa. Ndiyo maana ni kubwa hivi. Msomee hadi mwisho, kisha fanya ninachokuomba pale chini.

Kaka, shikamoo. Wino wako ulitoka wote. Palikuwa na mahali patatu patupu, nami nimeweka maneno ya heshima niliyoyajua mwenyewe.

Sitaficha, maana nadhani sasa tumekubaliana. Huku ni kugumu. Chumba cha pasi kipo chini ya ardhi na hakina dirisha, mashuka yanakuja kwa toroli na hayaishi. Mahali pa watoto ni safi lakini mlezi ni mmoja, na watoto ni wengi kuliko mikono yake. Chumba tunacholala kinatazamana na ukuta. Bwana Mkubwa akilia usiku ananyamaza katikati, anasikiliza, halafu anaendelea. Nilichelewa kuelewa. Anangoja nyundo ya fundi. Likizo sitapata mwaka huu, na mwakani hawajaniahidi.

Baba yake nitakueleza, Kaka, lakini si kwa barua ambayo Kinyozi ataisoma kwa sauti mbele ya mteja.

Picha sitakutumia. Jumapili, Bwana Mkubwa alipolala, nilichukua karatasi hii kabla sijaandika chochote, nikaipiga pasi pande zote mbili hadi ikawa laini kabisa, isibakie na mkunjo wowote utakaokupotosha. Nikaweka kiganja chake juu yake, nikapitisha penseli kuzunguka vidole. Kisha nikachukua sindano nikatoboa juu ya mstari, tundu kwa tundu. Sikio nimelichora kwa kuliangalia tu, kwa sababu aliamka akakataa kutulia, lakini ile ncha iliyokunjwa nimeitoboa kwa sindano nene zaidi. Utaipata.

Matundu yameinuka upande wa nyuma, huko ambako sijaandika kitu. Najua kwa nyuma kushoto kumekuwa kulia. Nilitaka kuanza upya kwa karatasi nyingine, nikakumbuka kwamba wewe umesoma herufi za risasi, zilizogeuzwa kama kwenye kioo, tangu ulipotoka shule.

Kila mwezi nitakutumia kiganja kingine, vidole vyako vikue naye.

Kinyozi, mwambie anawe mikono, atataka hivyo. Kisha geuza karatasi, mpe, sema una mteja anakungoja, utoke nje.

Mdogo wako